Mwigizaji Aliyebaki Rugenge

Mtaani kwetu Rugenge hakuna aliyemwita kwa jina lake. Waliomjua zamani walimwita Mama wa Filimu. Waliomjua baadaye walimwita Onorable, jina ambalo huku kwetu hupewa kila aliyewahi kuwa depite, yaani mbunge, na haling'oki hata kiti kikishang'oka. Mimi nilimwita Yaya, yaani dada mkubwa, kwa sababu alinizidi umri kidogo, na kwa sababu parseli zetu, kiwanja chake na changu, zilitenganishwa na ukuta mmoja tu. Yeye aliniita Mwalimu, hata siku alizokuwa na hasira na mimi, na hizo hazikuwa chache.

Ukuta wenyewe ulikuwa wa matofali, mfupi, unafika kifuani. Kwa hiyo maisha yake mengi niliyajua kwa masikio. Asubuhi alikohoa, akapiga mswaki kwa kelele, kisha akaanza kugombana na redio. Simaanishi kwamba aliizima kwa hasira. Alikuwa akijibizana nayo. Mtangazaji akisema barabara ya Kamanyola imetengenezwa, sauti yake inatoka nyuma ya ukuta: "Ulipita nayo lini, weye? Kuja upite nayo na tumbo ya mimba!" Mke wangu alikuwa akiacha kupeta mchele ili asikilize vizuri. "Onorable ameamka," ananiambia, na sisi tunajua ni wakati wa watoto kwenda shule.

Filimu zake zilitengenezwa hapahapa Uvira. Studio haikuwepo. Mtu mmoja aliyekuwa akipiga picha za harusi ndiye aliyekuwa na kamera, naye ndiye aliyeandika hadithi, akapanga waigizaji na kuwapikia wali siku ya kazi. Waliigiza kwenye nyua za watu, bandarini Kalundu, kwenye mashamba ya mihogo ya bonde la Ruzizi. Baada ya hapo DVD zikauzwa sokoni, zikavuka hadi Bujumbura, zikapanda hadi Kamanyola, ambako watoto walibanana kwenye mabenchi ya mbao katika vyumba vya video vilivyozibwa madirisha kwa maboksi. Yeye alikuwa mama katika kila filimu. Mama aliyefukuzwa na mkwe wake. Mama ambaye mwanawe ameingia ujambazi. Mama anayezika. Hadithi zilifanana, na sidhani kama kuna mtu aliyezikumbuka baada ya wiki. Walichokumbuka ni jinsi alivyolia.

Siku moja walipiga filimu uani kwake, nami nilikuwa nimeegemea ukuta nikitazama. Jeneza tupu liliwekwa kwenye mkeka. Yeye alikuwa getini, anamshambulia muuza makala, yaani mkaa, aliyemletea gunia lenye vumbi tupu chini. Mpiga picha akaita. Akaja, akakaa kando ya jeneza, akaweka mkono juu ya mbao, na kabla mtu yule hajamaliza kusema "anza," machozi yalikuwa yameshafika kidevuni. Wanawake waliokuja kutazama walianza kujipangusa kwa ncha za vikwembe, vitenge vyao. Mke wangu pia. Kamera ilipozimwa aliinuka, akapangusa uso mara moja kwa kiganja, akarudi getini kwa muuza makala, akaendelea na sentensi yake kutoka neno lile lile alilokuwa ameliacha.

Nilimuuliza jioni ile, "Yaya, unafikiria nini ukitaka kulia?"

"Sifikirii kitu. Machozi ni maji tu, Mwalimu. Iko kama robine. Unafungua, unafunga."

Nilidhani ananificha siri ya kazi. Lakini bwana wake alipofariki, nilimwona amesimama uani akielekeza mabenchi yapangwe wapi, wapishi wakae wapi, nani ampokee padri, na uso wake ulikuwa mkavu kuanzia asubuhi hadi watu walipotawanyika. Wanawake wa mtaa walisema sana. Kwenye filimu analilia mabwana wa wengine, walisema, na wake mwenyewe hamlilii. Alisikia. Hakuna neno la mtaa ule lililompita. Hakujibu, ila tangu siku ile hakukanyaga tena katika nyumba ya msemaji mkuu wa maneno hayo, hata kwenye arusi ya binti yake.

Alipenda kujulikana, na hilo sitalificha. Hakutoka bila wigi, na alikuwa na wigi kwa kila aina ya safari: moja la kanisani, moja la sokoni, moja refu la kuvukia mpaka. Pale Kavimvira, mpakani, watu wa forodha walikuwa wakimwinulia kizuizi kabla hajafika, na wabadilisha fedha wakisimama kumsalimu. Akirudi nyumbani analalamika: "Batu habaniachi nipumue!" Kisha siku moja akapangwa pale afisa mgeni, kijana aliyeletwa kutoka mbali, akamwomba karatasi zake kama anavyomwomba yeyote, akamweka kwenye mstari nyuma ya wauza ndagala, vile visamaki vya ziwani. Yaya alirudi nyumbani, akaingia chumbani, akalala na viatu. Nilipochungulia kumsalimu alisema ana malaria. Mke wangu alimpelekea supu na kurudi akicheka: "Malaria yake ni ya kutojulikana."

Ndiyo maana watu wa chama walipokuja na magari yao kumwomba agombee, sikushangaa alipokubali. Walihitaji uso, naye alikuwa nao. Kampeni yake ilikuwa lori moja na kipaza sauti. Mahali pengine popote mgombea anapaswa kujieleza; yeye alipanda tu juu ya lori, watu wakapiga vigelegele. Siku ya mwisho alisimamisha lori kwenye daraja la mto Mulongwe, mto ambao kila msimu wa mvua hushuka na mawe kutoka milimani na kutishia nyumba za pande zote mbili. Akautazama mto, akatulia, akalia. Halafu akasema maneno ambayo hata watoto waliyashika: "Minye nitalia mbele yabo kule juu, mpaka batujengee ukuta ya huu muto!"

Alishinda vizuri sana. Nilimpigia kura mimi pia.

Kwa mwaka wa kwanza alifanya kazi. Alirudi na mabati ya shule, alimtoa gerezani mvuvi aliyefungwa bila kesi, alisimama mbele ya wakuu wa kijeshi kuhusu vizuizi vya barabarani ambako askari walikuwa wakiwanyang'anya wakulima mihogo yao. Halafu likaja gari, jipu lenye vioo vyeusi. Sijui kama ni jipu lililombadilisha au lilikuja baada ya mabadiliko. Ninachojua ni kwamba hakugombana tena na redio. Asubuhi nilisikia kikohozi, nikasikia mswaki, kisha kimya. Redio sasa ilikuwa ikimtaja yeye, na aliisikiliza kwa sauti ya chini.

Habari za ukuta wa mto zilianza kufifia. Kwanza tuliambiwa wahandisi watakuja. Wakaja, wakapima, wakaondoka. Baadaye mtu fulani aliyefanya kazi ofisini alinong'ona kwamba ukuta umetolewa kwenye mipango na kwamba Onorable wetu alikuwepo siku hiyo na hakufungua mdomo. Nilimuuliza kutoka upande wangu wa ukuta wetu wa matofali, siku ya Jumapili, yeye akianika nguo.

"Yaya, ukuta wa mto umefikia wapi?"

"Inafuatiliwa."

"Watu wanasema umeondolewa."

Alibana kibanio kwenye kanga, akachukua kingine. "Mwalimu, weye fundisha sarufi. Siasa uniachie minye."

Ilikuwa mara yake ya kwanza kuongea na mimi kama anavyoongea na mtu wa nje. Nilirudi ndani. Kwa miezi mingi tulisalimiana tu, kwa adabu, kama watu wanaokutana benki.

Mvua iliyoleta msiba ilinyesha milimani. Mjini palikuwa pakavu, ndiyo maana watu walikuwa wamekaa tu majumbani mwao mchana ule, wengine wanakula. Mto ulishuka ukiwa na mawe makubwa kama nyumba na miti mizima, ukaacha njia yake na kupita katikati ya vibanda. Mdogo wake Onorable, mwanamke mpole aliyeuza mboga za majani, sombe na lengalenga, karibu na daraja, alikuwa akiishi pale pale ukingoni, katika nyumba aliyojengewa na dada yake kwa pesa za filimu. Nyumba haikuonekana tena. Hata mahali ilipokuwa hapakuweza kuonyeshwa.

Onorable mwenyewe alikuwa safarini kikazi. Alirudi kupitia Kamanyola, na jipu likakwama ambapo barabara ilikatika. Aliliacha na dereva, akavua viatu, akatembea kwenye tope hadi mjini. Alimkuta mdogo wake ufukweni, kati ya wale ambao ziwa lilikuwa limewarudisha.

Mazishi yalikuwa ya pamoja. Mji mzima ulikuwepo, na maredio, na watu wa kila namna wameinua simu zao wakirekodi. Padri alimwomba aseme neno, kwa sababu alikuwa depite na alikuwa mfiwa. Akasimama mbele ya makaburi yaliyo wazi, bila wigi, kitambaa tu kichwani, akafungua mdomo. Machozi yakashuka. Nilikuwa karibu. Nilikuwa nimeyaona machozi yake mengi kwa miaka mingi na haya hayakufanana nayo. Pua ilikuwa ikitoka kamasi, mdomo umepinda, uso umekuwa mbaya kabisa. Hakuna mpiga picha ambaye angeutaka uso ule.

Sauti ya mwanamke ikatoka katikati ya umati: "Anaigiza!"

Watu wachache wakacheka. Kicheko cha mazishini hakifanani na kingine. Mwingine akapiga kelele, "Ukuta uko wapi, Onorable?" Bonge la udongo likampata begani.

Aliacha kulia. Alijipangusa pua kwa kitambaa cha kichwani, mbele ya simu zote zile, nywele zake za mvi zikabaki wazi. Akasema, polepole, bila kipaza sauti:

"Ukuta niliunyamazia. Baliniahidi cheo, nikanyamaza. Cheo sikupewa. Huyu mudogo wangu niko namuzika sababu ya ile kimya."

Nilitegemea kwamba mtu akisema jambo kama hilo, kitu kitatokea. Hakikutokea kitu. Watu walitazamana. Njiani kurudi niliwasikia wakisema ni mbinu, anataka kuonewa huruma, uchaguzi unakaribia. Maneno yake yalizunguka kwenye simu juma zima, na chini yake watu waliandika: filimu mpya ya Mama wa Filimu. Nadhani hicho ndicho kilichomvunja. Kutukanwa angeweza kukubali. Alikuwa amesema kweli mara moja katika maisha yake ya siasa, na waliitazama kama kazi yake nyingine.

Alishindwa uchaguzi vibaya. Chama kilimsahau. Jipu liliuzwa.

Kilichofuata hakikuanza kwa mpango. Mama wawili waliopoteza nyumba walikuja kulala kwenye baraza yake, akawaacha. Wakaja wengine. Walipopata pa kwenda waliondoka, wakabaki wale wasio na wa kuwachukua: wazee, wengi wao. Kulikuwa na bibi kipofu ambaye wanawe walikwenda kutafuta dhahabu huko milimani na hawakurudi. Kulikuwa na mzee aliyekatwa mguu. Yaya alipanua nyumba kwa mbao, akajenga vyoo vipya, akawa anakwenda sokoni kuomba ndagala zilizosalia na wauzaji wanampa, wengine kwa moyo, wengine ili aondoke mbele ya meza zao.

Watu wa mbali wanaosikia habari hizi hufikiria mama mpole. Hakuwa mpole. Aliwafokea wazee wale kama watoto wa shule. Aliwaogesha kwa nguvu, sabuni machoni, huku wakipiga makelele. Sukari aliificha chini ya kitanda chake. Mke wangu alimwona siku moja akimfukuza getini mwanamke mwenye watoto, akamkaripia juu ya ukuta: "Yaya, hata huyu?"

"Minye siko mutakatifu!" akajibu. "Fasi imejaa. Umuchukue weye."

Tukamchukua sisi, kwa wiki kadhaa. Wakati huo wote alikuwa akipitisha sahani za bugali juu ya ukuta kwa ajili ya watoto wale, bila kusema kitu na bila kutaka kushukuriwa.

Watu wa misaada walikuja pia, wale wanaovaa vizibao vyenye nembo. Walijua alikuwa nani. Walitaka kumpiga picha akimkumbatia bibi kipofu. Nilidhani atawatoa mbio. Badala yake aliingia ndani, akatoka na wigi la kanisani na wanja machoni, akamkumbatia bibi kama walivyotaka, mara ya kwanza, ya pili, hadi wakaridhika. Vitanda vikaja. Nilipomtania alisema, "Kamera haina undugu, Mwalimu, lakini inaleta vitanda." Na wakati mwingine, akiona watu wamemzunguka na nyuso za huzuni kumwambia pole kwa yote yaliyompata, aliwakata: "Musinionee huruma. Muniletee sabuni."

Kulia, sikumwona akilia tena. Redioni walimwalika azungumzie mafuriko, akakataa. Lakini ugomvi na redio ulirudi, kila asubuhi, mkali kuliko zamani, na wazee wake wakamsaidia kutukana.

Halafu vita ikashuka bondeni. Kwa siku kadhaa tuliona watu wa Kamanyola na vijiji vya Ruzizi wakipita na magodoro vichwani, na mbuzi, na wagonjwa kwenye baiskeli. Kisha tukaisikia milio sisi wenyewe. Rugenge ikaanza kuhama, nyumba kwa nyumba. Wengi walielekea Kavimvira kuvuka mpaka. Nilikwenda ukutani nikamwita Yaya. Alikuwa anatwanga mihogo, kana kwamba ni siku kama nyingine.

"Yaya, tunaondoka. Kuja twende."

"Na hawa?"

"Tutatafuta namna."

"Namna gani? Weye uko na mama watoto, uko na watoto, uko na mizigo. Utamubeba yule muzee wa mguu moja mugongoni?" Aliendelea kutwanga. "Muende. Minye nitachunga nyumba yenu. Munipatie tu ufunguo ya jiko."

Mke wangu alimpa ufunguo wa jikoni juu ya ukuta, akamshika mkono, na hawakuachana haraka. Tulipotoka getini tulimkuta kijana wa fundi saa, jirani wa mwisho wa barabara yetu, anamsukuma baba yake kwenye mkokoteni kuelekea kwa Onorable. Fundi saa alikuwa mzee Mwislamu, wa zile familia za wafanyabiashara wa zamani wa ziwani, na kiharusi kilikuwa kimemlaza upande mmoja. Kijana huyo alikuwa na mke anayekaribia kujifungua. "Atamupokea?" aliniuliza. Nikamwambia atampokea. Ndivyo ilivyokuwa.

Ng'ambo tulikaa kwenye hema. Sitasimulia maisha yale hapa. Uvumi ulivuka kila siku pamoja na watu wapya: kwamba Onorable ameuawa, kwamba ametekwa, kwamba amejiunga na wapiganaji na anakula nao. Mke wangu hakutaka kusikiliza hata mmoja.

Niliporudi nilirudi peke yangu kwanza, kutazama kama nyumba ipo. Ilikuwepo, bila milango. Nilikwenda moja kwa moja kwake. Nilimkuta ameketi barazani akichambua maharage, mwembamba hadi mifupa ya shingo ilihesabika, kichwa wazi, cheupe kabisa. Aliniangalia, akasema, "Mwalimu. Umezeeka." Na akanisogezea sinia ili nichambue naye.

Bibi kipofu alikuwa hai. Mzee wa mguu mmoja alikuwa hai. Yaya alinisimulia mambo akiwa anatupa mawe na maharage mabovu pembeni. Watu wenye silaha waliingia, alisema, na mkubwa wao, kijana bado, akamkazia macho. Alikuwa amekulia Kamanyola, alikuwa amemwona kwenye chumba cha video akiwa mtoto. Akawaita wenzake. Akaketi kwenye ngazi, bunduki kwenye magoti, akasema, "Mama, ulie kidogo. Kama kwenye ile filimu."

"Ukalia?"

"Nilijaribu." Alichukua konzi nyingine ya maharage. "Hakuna kilichotoka. Nilikaa pale ninakunja uso kama mujinga, bale bazee bananiangalia. Hakuna hata tone. Yule kijana akangoja, akangoja. Kisha akaona haya, unajua? Akainuka, akasema 'Pole, mama,' akaenda. Bale bengine bakabeba muchele."

Nilitaka kumwambia kitu lakini geti liligongwa. Aliyeingia alikuwa kijana wa fundi saa, na vumbi la njia ya Kavimvira bado limemjaa miguuni. Hakusalimia.

"Baba iko wapi?"

Yaya aliweka sinia chini. "Iko nyuma ya nyumba. Kuja."

Nilifuata. Nyuma, kati ya choo na mgomba, palikuwa na tuta la udongo lililozungushiwa mawe. Kijana alisimama akalitazama. Sauti yake ilipotoka ilikuwa ya chini na kali.

"Ulimuzika kwa parseli? Kama mbwa?"

"Barabara ya makaburi ilikuwa imefungwa. Balikuwa banapiga kila muntu anayetembea."

"Nani alimuosha?"

"Minye."

"Weye mwanamuke. Mukristo." Alishika kichwa. "Nani alimuswalia?"

"Hakuna. Sheikh alikuwa amevuka. Ile bibi kipofu mama yake alikuwa Mwislamu, njo yeye alinionyesha kibla iko upande gani. Alinyoosha mukono kule." Alionyesha upande wa Kavimvira. "Tukamulaza hivyo, ubavu wa kuume. Sanda ilikuwa shuka yangu, nyeupe. Nilichimba na yule muzee wa mguu moja, yeye amekaa chini, anachimba na sahani."

Kijana alimkaribia. Nilisogea, nikidhani atampiga. Badala yake aliuliza, na niliona kwamba hili ndilo swali alilotembea nalo njia yote, "Alitamuka shahada? Mbele ya kufa. Ulimusikia?"

Nilimtazama Yaya. Nilikuwa nimemwona akisema kwa ustadi maneno ya uongo mbele ya majeneza matupu na watu wazima wakazirai. Neno moja tu la uongo lilihitajika: "Alitamka, nilisikia mwenyewe." Kijana angelilaza kichwani mwake kila usiku hadi uzee. Nilimwomba moyoni aliseme, ningelisema mimi kama ningekuwepo.

"Sijui," akasema. "Aliomba maji. Nikaenda kuchota. Niliporudi alikuwa ameisha."

"Hukusikia kitu?"

"Sikusikia kitu, mwanangu. Sikuwa karibu. Ulimi yake ilikuwa nzito, tangu ugonjwa, unajua. Labda alisema. Sikuwa pale."

"Aliniulizia?"

"Siku za kwanza alikuulizia sana. Siku ile hapana."

Ulikuwa mchana wa jua kali, na kuku wa mtu fulani walikuwa wakiparua majani ya mgomba. Kijana akavua ndala zake, akaenda kwenye pipa, akatawadha, akarudi akasimama mbele ya tuta, akielekea alikoonyeshwa, akainua mikono masikioni. Tulirudi nyuma tukampa nafasi. Yaya alisimama kando yangu, mikono yake yenye vumbi la maharage imening'inia, na hakujaribu kuupa uso wake sura yoyote.

Alipomaliza, kijana alivaa ndala. Alipita karibu na Yaya bila kumtazama. Getini akasimama.

"Musimutoe," akasema. "Mukae naye hapo. Mutoto alizaliwa ng'ambo. Nitakuja naye, amuone babu yake."

"Kuja naye," akasema yeye.

Geti likafungwa. Tulirudi barazani. Aliketi, akavuta sinia magotini, kisha akaniambia macho yake yamechoka, hayaoni tena mawe vizuri, nimalizie mimi. Nikamalizia.